Tumbo la Katikati ya Mwezi

Mwezi huu nawaomba akina kaka msifunue ukurasa haraka haraka mkidhani haya ni mambo ya akina dada peke yao. Kisa chenyewe kilianza na mwanaume.

Nilikuwa Shinyanga kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Yeye anafanya kazi benki pale mjini, mume wake yuko mgodini Geita. Ndoa nyingi za ukanda ule wa dhahabu zinaendeshwa na rosta, na ya kwao ni siku 14 kazini, siku 14 nyumbani. Jioni tumekaa barazani tunakula michembe, shemeji akatupa utani ambao ulikuwa na mwiba ndani yake: "Shemeji, hebu niulizie kwa mwenzio. Mbona nikiingia tu nyumbani anashika tumbo? Nikirudi kazini, mzima kabisa!"

Tukacheka. Rafiki yangu hakucheka.

Usiku tulipobaki wawili akanieleza. Maumivu yanakuja chini ya kitovu, upande mmoja, mara kulia, mara kushoto. Yanabana saa chache, yakizidi sana mpaka kesho yake, halafu yanaondoka kama hayakuwepo. Hedhi bado kabisa. Mama mkwe alishatoa hukumu kuwa ni chango, na mizizi ilishachemshwa. Duka la dawa lilisema ni U.T.I., akanywa dozi tatu za antibayotiki ndani ya mwaka mmoja bila hata kupimwa mkojo. Na mume, jamani, alikuwa na jibu lake ambalo hakulitamka ila lilijaa nyumba nzima: mke wangu hanitaki.

Nikamwambia lete kalenda. Tukaweka tarehe zake za hedhi, tukaweka na rosta ya shemeji. Mzunguko wake ni wa siku 28. Rosta nayo, ukijumlisha, ni siku 28. Basi vitu hivyo viwili vilikuwa vinatembea pamoja kama mapacha, na siku mume anaposhuka kwenye basi ndizo siku yai linapevuka. Hapakuwa na mchawi wala mtu asiyetakwa.

Maumivu haya madaktari wanayajua siku nyingi. Wajerumani, haohao waliotuachia neno shule, wameyapa jina la Mittelschmerz, yaani maumivu ya katikati. Kinachotokea ni hiki: yai linakua ndani ya kifuko kidogo chenye majimaji kwenye ovari. Kifuko kinatanuka, kinapasuka, yai linatoka, na majimaji pamoja na damu kidogo sana vinaweza kumwagika na kuwasha utando wa tumbo kwa ndani. Upande unaouma kwa kawaida ndio uliotoa yai mwezi huo. Wengine wanaona na tone la damu au ute unaovutika kama ute wa yai bichi. Si ugonjwa. Maji ya moto kwenye chupa, kuoga maji ya uvuguvugu, Panadol, yanatosha. Dawa za jamii ya ibuprofeni nazo zinatuliza, lakini kama mnatafuta mtoto muulize kwanza daktari, maana zinaweza kuchelewesha yai kutoka.

Hapo kwenye kutafuta mtoto niseme kidogo, maana najua mmeshaanza kupiga hesabu. Yai huishi kama siku moja tu, mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hadi siku tano. Kwa hiyo wanaosubiri tumbo liume ndipo wakutane wanaweza kuwa wamechelewa, na wanaotumia maumivu kama kinga ya mimba wanacheza bahati nasibu. Halafu "katikati" si siku ya 14 kwa kila mtu. Hesabu inaanzia nyuma: toa takribani siku 14 kwenye hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35, katikati yake ni kama siku ya 21.

Tatizo langu ni hilo neno chango. Sina ugomvi na mama wakwe, na mimi mwenyewe nilipokuwa chuo nilimezeshwa dawa za malaria kwa tumbo hilihili, tena na mtu mwenye koti jeupe. Lakini chango ni kikapu kimoja tunachotupia kila kitu. Ukishasema chango, hakuna anayeuliza tarehe, na tarehe ndiyo inayotenganisha.

Kwa mfano, unatumia vidonge vya majira kila siku. Vidonge hivyo kazi yake mojawapo ni kuzuia yai lisitoke. Sasa maumivu ya yai yanatoka wapi? Nenda kapimwe. Mwenye kitanzi cha shaba yeye yai linatoka kama kawaida, ila akishika mimba kitanzi kikiwa ndani, uwezekano wa mimba hiyo kuwa nje ya kizazi ni mkubwa zaidi.

Au maumivu yamekaa zaidi ya siku mbili tatu, kuna homa, uchafu wenye harufu, au tendo la ndoa linauma kwa ndani. Hayo yananukia maambukizi ya kizazi na mirija, mara nyingi kutokana na klamidia au kisonono, na hapo wanatibiwa wote wawili. Mmoja akimeza dawa Shinyanga na mwenzake akabaki bila dawa Geita, akirudi likizo mnaanza upya. Maumivu yanayoanzia kitovuni yakahamia kulia, na chakula hutaki, hicho kinaweza kuwa kidole tumbo. Maumivu makali ya ghafla na kutapika, ovari inaweza kuwa imejisokota. Hayo mawili ni ya usiku huohuo, hayasubiri asubuhi.

Na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna moja ambalo hata baadhi ya waganga hospitalini wanalisahau: kichocho. Kama utotoni ulicheza kwenye malambo na majaruba ya mpunga, mayai ya minyoo wale yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi miaka mingi, yakaleta maumivu, damu baada ya tendo, na uchafu unaofanana na wa magonjwa ya zinaa. Ndoa zimeingia matatani kwa ajili ya maji ya bwawa! Mwambie daktari ulikokulia. Dawa ipo, prazikwanteli.

Rafiki yangu akaanza kuandika. Duara dogo kila tumbo likiuma, kwenye kalenda ya ukutani jikoni. Miezi mitatu duara zikakaa palepale, na shemeji akajua siku ya kwanza ya likizo ni ya kuchemsha maji, siyo ya kununa.

Mwezi wa nne akanipigia nikiwa ofisini. Tumbo limeanza, upande wa kushoto. "Si ni lilelile tu, shoga?" Nikamuuliza uko siku ya ngapi? Akanyamaza, nikasikia anatembea kwenda jikoni. Siku ya 40. Hedhi haijaja vizuri, imekuja damu kidogo ya rangi ya kahawia, naye akaihesabu kuwa ndiyo hedhi. Na bega linamuuma, amedhani amelalia vibaya.

Sikumaliza kumsikiliza. Hedhi iliyochelewa, damu kidogo, maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, na lile bega: hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija, inavuja damu tumboni. Alipofika hospitali kipimo cha mkojo kikasema ana mimba, ultrasaundi ikaonyesha kizazi ni kitupu. Jioni ileile akafanyiwa upasuaji. Mrija mmoja umeondoka, yeye amebaki.

Shemeji aliomba ruhusa mgodini akaendesha usiku, Sengerema, Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, akavuka maji kwa dakika chache. Enzi za kivuko angekuwa kwenye foleni anahesabu magari yaliyo mbele yake. Alifika asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa pembeni ya kitanda bila kusema neno mpaka mke wake akamtania: "Safari hii mbona tumbo limeuma haupo?"

Daktari amewaambia mrija uliobaki unaweza kuleta mtoto, lakini aliyewahi kupata mimba ya nje yuko kwenye hatari zaidi ya kuipata tena, kwa hiyo hedhi ikichelewa tu aende mapema, aonekane mtoto kakaa wapi. Nilipopita tena kwao, kalenda ilikuwa bado jikoni. Rosta ya shemeji imeandikwa kwa kalamu ya bluu, hedhi kwa nyekundu. Mwandiko wote ni wa shemeji.