Seva ya mtaani Kaloleni: Programu ni bure, ulinzi wake ni gharama

MNAMO Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota nchini Kenya. Waliohifadhi kazi zao ng'ambo walikumbushwa kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kwa mpenzi wa kompyuta mtaani Kaloleni, Nairobi, kinga ipo. Kompyuta kuukuu yenye mfumo huria wa Linux na programu ya Kiwix yaweza kuwapa majirani Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, bila intaneti, mradi ipakuliwe kwanza.

Programu hizo hazitozwi ada. Hata hivyo, umeme hulipiwa, diski huharibika, na nakala za akiba huhitaji mwangalizi. Heri seva hiyo iwekwe katika maktaba ya umma ya Kaloleni, ili mwenyewe akihama, maarifa yasihame naye.