MEZA YA MWALIMU: Mali, Mizizi na Mashine



Wazazi kadhaa wa hapa Al Wakrah wametutaka shauri juu ya jambo moja. Kazi ya hesabu ya watoto wao haimo tena daftarini. Imo ndani ya kompyuta, imeandikwa kwa alama ngeni, na mtoto akiulizwa hujibu kwamba mashine imeshakokotoa. Mzazi aliyesoma aljebra Tanga, Mombasa au Unguja miaka thelathini iliyopita hujiona hana tena la kusema, akainuka na kumwachia mwana meza. Sisi tunaona asiinuke, na sababu yetu tutaieleza kwa mfano mmoja tu, nao ni polinomia.

Polinomia ni jumla ya vipande. Kila kipande ni namba inayozidisha kipeo fulani cha kitu tusichokijua, na kitu hicho shuleni tulikiita x. Basi x mraba, kuongeza x kumi, kutoa 39, ni polinomia. Kuitafutia mizizi ni kutafuta thamani za x zitakazoifanya jumla hiyo kuwa sifuri.

Mfano huu hatukuubuni. Ulielezwa Baghdad na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, katika kitabu alichokiandika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Yeye hakutumia alama hata moja. Alisema kwa maneno kwamba mali moja na mizizi kumi ni sawa na 39. Mzizi ni ile namba isiyojulikana, na mali ni mraba wake. Ndiyo mali hii hii tunayoitaja sisi katika Kiswahili. Jina la kitabu hicho ndilo lililoipa dunia neno aljebra, na neno la pili katika jina hilo, muqabala, ni ndugu wa mkabala wetu. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu wasia na mirathi, maana aliyekosea hesabu hapo humnyima yatima haki yake.

Njia yake ni hii. Chukua nusu ya mizizi, yaani 5. Izidishe kwa nafsi yake, upate 25. Ongeza 39, zitimie 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Sasa hakikisha: mraba wa 3 ni 9, na mizizi kumi ni 30, jumla ni 39. Hesabu imesimama.

Katika karne ya 12 alitokea as-Samaw'al al-Maghribi, ambaye alitunga kitabu chake cha aljebra, al-Bahir, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Akiendeleza kazi ya al-Karaji aliyemtangulia, alizipanga namba za polinomia katika jedwali, kila kipeo na safu yake, na pasipo na kitu akaweka sifuri. Kwa mpangilio huo hapana haja ya kuandika x tena na tena, kwa sababu mahali pa namba panatosha kutaja kipeo chake.

Sasa tuitazame kompyuta ya mtoto. Vijana wengi hutumia lugha ya programu iitwayo Python, na ndani yake maktaba ya hesabu iitwayo NumPy, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka 2006. Nayo huiandika polinomia kama orodha ya namba ambazo vipeo vyake hutambulikana kwa mahali zilipo. Mwenye kulifahamu jedwali la as-Samaw'al hatakuwa mgeni hapo.

Lakini pana mtego. Chombo cha zamani cha NumPy, kiitwacho poly1d, huanza na kipeo kikubwa: 1, 10, -39. Chombo kipya, Polynomial, ambacho watunzaji wa maktaba hiyo ndicho wanachokipendekeza, huanza na kipeo kidogo: -39, 10, 1. Ukikipa chombo kipya orodha kwa mpangilio wake, kitakujibu -13 na 3. Ukikipa kwa mpangilio wa zamani, kitakujibu takriban -0.077 na 0.333. Mashine haitatoa onyo lolote, kwa sababu kwa upande wake hapana kosa: imejibu sawasawa swali ambalo hukukusudia kuliuliza.

Hapa ndipo mzazi anapohitajika, nasi tunampa maswali matatu ya kumwuliza mwanawe.

La kwanza: umeanzia upande gani, na sifuri umeziweka? Mtoto anayetaka x mraba kutoa 9 yampasa aandike -9, 0, 1. Akiiacha sifuri, mashine itasoma x kutoa 9, nayo itamjibu 9, hali majibu ya kweli ni 3 na -3.

La pili: jibu umelirudisha ndani ya swali? Ile 0.333 ukiirudisha katika swali la al-Khwarizmi hupati 39. Unapata kama 3.44. Hesabu ya nusu dakika kwa kalamu inatosha kuufichua uwongo ambao mashine haikuuona.

La tatu: jibu hili lina maana katika jambo lililoulizwa? Al-Khwarizmi alitoa jibu moja tu, 3. Mashine hutoa na -13 pia, nayo ni sahihi kihesabu. Lakini ikiwa swali lilihusu urefu wa kiwanja, hakuna kiwanja chenye urefu wa -13. Vivyo hivyo, mtoto akichukua joto la Al Wakrah la Januari hadi Julai, akaiambia mashine ipitishe mstari mnyofu, kisha akaurefusha hadi Desemba, mstari utaendelea kupanda; na kila mama wa hapa anajua kwamba Desemba ni mwezi wa kutoa mablanketi.

Maswali haya hayahitaji Kiingereza wala shahada. Yaulizwe kwa Kiswahili, mezani, baada ya sala ya Isha, na mtoto ajibu kwa Kiswahili. Atakayeshindwa kueleza alichokifanya kwa lugha ya mama yake bado hajakielewa.

Tumezoea, tulio ughaibuni, kuwaambia watoto kwamba aljebra ilitoka kwa Waislamu. Ni kweli, na ni vyema walijue. Lakini fahari hiyo haimpunguzii mtu uvivu wake. Wazee wale walirudi nyuma kuhakikisha, kwa sababu hesabu kwao ilikuwa amana. Kesho watoto wetu ndio watakaopima dawa za wagonjwa na kugawa mirathi yetu, na mashine itawajibu upesi kila watakachoiuliza. Tuwalee wawe watu wa kuhakikisha kabla ya kuamini.

Wabillahi tawfiq.