Mbio za magari: Kwa nini Voi imebaki mahali pa kupita

WAZEE wa Mwatate na Bura bado hukumbuka enzi ambapo Pasaka ilikuja na vumbi. Safari Rally ilikuwa ikiandaliwa majira hayo, na magari yaliyotoka Nairobi kuelekea Pwani yaliacha Barabara Kuu ya Mombasa, yakapinda katika njia za udongo mwekundu za Taita. Mvua ikinyesha, udongo huo hugeuka utelezi. Jua likiwaka, dereva anayefuata nyuma haoni hata pua ya gari lake.

Leo hii mpenzi wa mbio hizo anayeishi Voi hulazimika kupanda basi au garimoshi la SGR hadi Nairobi, kisha atafute njia ya kufika Naivasha. Huko ndiko Safari ilikorejea mwaka 2021 katika Ubingwa wa Dunia (WRC) baada ya kukaa nje miaka 19. Raundi nyingi za mashindano ya kitaifa (KNRC) nazo huandaliwa si mbali na Nairobi na katika Bonde la Ufa. Kaunti ya Taita Taveta, ambayo barabara zake ziliwahi kutisha madereva wa mataifa mengi, mara nyingi hutazama mbio hizo kwa mbali.

Ni rahisi kusema kwamba kaunti hiyo imeonewa. Ukweli una pande zaidi ya moja.

Safari ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ilikuwa safari hasa. Ilikata maelfu ya kilomita, tena katika barabara zilizotumiwa na umma, huku mafundi wakiwafuata madereva wao njiani. Hata mwaka 2002, Colin McRae aliposhinda makala ya mwisho kabla ya Kenya kupoteza nafasi yake, sehemu za kushindania zilikuwa na jumla ya takriban kilomita 1,000. Sebastien Ogier aliposhinda mwaka 2021 zilikuwa karibu kilomita 320 tu. Siku hizi kwa kawaida magari huzunguka kituo kimoja cha matengenezo na kurudi hapo mara kwa mara. Mashindano ya namna hiyo hayawezi kuanzia Nairobi na kufika Taita. Voi iko zaidi ya kilomita 300 kutoka jiji kuu.

Kwa hiyo tumaini la kaunti halipo katika WRC. Liko katika KNRC, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu zaidi.

Kwa miaka mingi uti wa mgongo wa mashindano ya kitaifa umekuwa magari ya saluni yenye injini kali: Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza. Mapenzi ya Wakenya kwa magari ya aina hii yana mizizi. Joginder Singh, baada ya kushinda Safari ya 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwishatumika, alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Lancer. Uzuri wa magari haya ni kwamba fundi wa gereji ya kawaida angeweza kuyafahamu, na vipuri vilipatikana. Kijana mwenye biashara ndogo na marafiki wachache angeweza kuingia mashindanoni bila kuuza shamba la baba yake.

Mlango huo unazidi kuwa mwembamba. Mitsubishi iliacha kutengeneza Lancer Evolution mwaka 2016, na mwaka 2022 Subaru ikatangaza kwamba haitaunda WRX STI mpya ya injini ya petroli. Wanaowania ubingwa wamehamia magari kama Skoda Fabia na Ford Fiesta, yaliyoundwa mahsusi kwa mbio na ambayo bei yake mpya ni mamilioni ya pesa. Timu inayohesabu kila shilingi ya tairi haina hamu ya kusafirisha gari, mafundi na mafuta hadi Voi ikiwa inaweza kushindania pointi zilezile Kajiado au Machakos na kulala nyumbani.

Upande wa tatu ni ardhi. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti, na humo gari haliruhusiwi kuzidi kilomita 40 kwa saa. Barabara ya kutoka Mwatate hadi Taveta imewekwa lami; wafanyabiashara wa ndizi wanashukuru, ingawa dereva wa mbio amepoteza njia iliyomfaa. Kinachobaki ni njia za mashamba ya mkonge na za ranchi kuelekea Kasigau. Hizo bado ni nzuri kwa mbio, lakini ndovu huzipita pia, na ranchi nyingi ni mali ya wanachama wanaostahili kuulizwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Wakazi wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mapato ya Tsavo huenda kwa serikali kuu huku wao wakibaki na ndovu wanaovunja maghala. Mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yamekuwa yakipitia kaunti hiyo na madereva kulala katika hoteli za kifahari za Taita Hills. Bjorn Waldegard, bingwa wa dunia wa 1979, alishinda Classic ya 2011 akiwa na mwanawe Mathias kama mwelekezi. Ni tamasha la kupendeza, ila muuza chai wa Mwatate hupata wateja wa saa chache, kisha vumbi likatulia.

Raundi ya KNRC ya siku mbili yenye kituo Voi mjini ingekuwa tofauti kidogo. Mafundi, wasimamizi wa njia na mashabiki hawalali katika hoteli za kifahari. Hujaza vyumba vya kawaida na kula vibandani. Hata hivyo, Shirikisho la Mbio za Magari (KMSF) halitapeleka timu huko kwa hisani. Serikali ya kaunti ingelazimika kubeba sehemu ya gharama za usafiri na kuhakikisha ambulansi zipo. Ingelazimika pia kukubaliana mapema na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kuhusu mapito ya ndovu. Muhimu kuliko yote, ada ya kutumia njia za ranchi iandikwe katika mkataba na ilipwe kwa wanachama wenyewe kabla ya gari la kwanza kuwashwa.