Kuchagua Barua Pepe Nyingi kwa Pamoja

Katika mafunzo ya kompyuta, kazi ya kuchagua barua pepe nyingi kwa pamoja huhesabiwa kuwa jambo dogo la vidole. Mwanafunzi huonyeshwa kitufe cha kubonyeza, hukariri, na somo hupita. Baada ya mwaka mmoja amekwisha kusahau, naye hurudia kufuta barua moja moja, au huziacha zirundikane hata ile yenye maana ipotee katikati ya matangazo. Kasoro hii haitokani na vidole. Kinachokosekana ni hisabati, tena ile ambayo mwanafunzi wa sekondari anaijua tayari.

Orodha ya barua katika programu kama Thunderbird au Outlook ni seti iliyopangwa kwa utaratibu. Zipo njia mbili za kutaja seti ndogo iliyomo ndani yake. Ya kwanza ni kuwataja memba mmoja mmoja: kitufe cha Ctrl hushikiliwa (katika kompyuta za Macintosh ni Command), na kila barua inayotakiwa hubofywa. Ya pili ni kutaja mipaka tu: barua ya kwanza hubofywa, kisha Shift hushikiliwa na ya mwisho ikabofywa; zote zilizo kati yake huingia.

Mgawanyo huo si pambo la skrini. Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alibuni IMAP, yaani utaratibu ambao kwao programu huzungumza na kompyuta kuu inayohifadhi barua. Katika utaratibu huo, 3:7 ni barua ya tatu hadi ya saba, ilhali 3,7 ni hizo mbili peke yake. Nukta mbili hufanya kazi ya Shift, mkato hufanya kazi ya Ctrl. Mwalimu wa hisabati atapata wapi mfano mwepesi kuliko huo?

Lakini uzito wa jambo lenyewe umo katika mpangilio. Chukuliwe mfano wa matangazo 300 ya duka moja, yaliyotawanyika katika orodha ya barua 2,000. Kuyafuta moja moja ni kubofya mara 300 na kubonyeza Delete mara 300, jumla vitendo 600, mbali na kuyatafuta. Orodha ikipangwa upya kwa jina la mtumaji, kwa kubofya kichwa cha safu hiyo, yote 300 hukaa pamoja. Hapo vitendo ni vinne tu: kupanga, kubofya la kwanza, kubofya la mwisho pamoja na Shift, na kufuta. Yakiwa 3,000, vitendo hubaki vinne. Na pale ambapo zinazotakiwa kubaki ni chache, ni afadhali kuchagua zote kwa Ctrl na A, kisha kuziondoa hizo chache kwa Ctrl.

Wapo wanaopinga kwamba njia hii ni ya hatari, kwa kuwa kosa moja hufagia mamia ya barua. Hofu hiyo ina msingi. Mtu ambaye bado ameshikilia Shift alipobonyeza Delete hufuta kabisa, bila barua kupitia jalala. Programu humwuliza kwanza, naye kwa haraka hujibu ndiyo pasipo kusoma. Lakini dawa ya hatari hiyo ni kuhesabu, wala si kurudi kwenye moja moja. Thunderbird huonyesha idadi ya barua zilizochaguliwa. Aliyetarajia 300 akaona 412 ana sababu ya kusita, ila ni lazima awe ametarajia idadi fulani kabla ya kugusa kipanya.

Kwa hiyo yafaa somo lianzie katika daftari. Wanafunzi wapewe vipande 40 vya karatasi, kila kimoja kikiwa na jina la mtumaji, tarehe na habari, wavipange kwa njia mbalimbali, na waandike kwa nukta mbili na mkato vile vitakavyoondolewa na idadi yake. Shule yenye kompyuta mbili kwa darasa zima yaweza kufanya zoezi hili sawasawa na yenye thelathini.