NENO LIMEBAKI, CHOMBO KIKO WAPI?

Hebu mwulize mwanafunzi yeyote wa shule hii stima ni nini. Atakuonyesha taa iliyo juu ya kichwa chako. Jioni tukiwa katikati ya hesabu za mwalimu na giza likatuvamia, mtaa mzima hupiga kelele, "Stima imepotea!" Lakini ukifungua kamusi ya Kiswahili utakuta kwamba stima ni meli inayoendeshwa kwa nguvu za mvuke, na kwamba umeme ni maana tunayoitumia sisi wa Kenya. Neno tunalo kinywani kila siku. Chombo chenyewe hatujakiona, na wengi wetu hatujui kama kiliwahi kuwapo.

Kwa maoni yangu, hili ni jambo la kusikitisha, na linaweza kurekebishwa. Nasema hivi: nchi yetu yafaa iwe na chombo kimoja cha mvuke kinachotembea majini, hata kiwe kidogo namna gani, ambacho familia yaweza kukipanda siku ya sherehe yake. Najua kuna watakaoangua kicheko. Subirini kwanza nieleze.

Historia yetu na vyombo hivi si ya kubahatisha. Meli ya William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, na mwaka 1900 ikashushwa majini hapo Kisumu. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Maana yake ni nini? Ni kwamba meli ilitangulia reli! Vyuma vile vilifikaje ziwani? Sehemu kubwa ya safari vilibebwa na watu, vichwani na mabegani, jua na mvua. Baadaye zikaja nyingine kama Nyanza, Usoga na Rusinga. Usoga iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Paisley, ikaletwa kwa mtindo uo huo wa vipande vyenye nambari, ikafanya kazi hadi mwaka 1975. Mwisho wake ilizama ikiwa imefungwa bandarini.

Mimi jambo hili linanigusa kwa sababu babu yangu mzaa baba alikuwa mchochea moto kwenye meli za ziwani akiwa kijana. Mwaka huu ametimiza miaka themanini. Hapa shuleni bethidei tunaijua: ni kuviziwa nje ya darasa na kumwagiwa maji ndoo nzima. Nyumbani ni keki na soda. Basi baba akamwuliza, "Mzee, unataka tukufanyie nini siku yako?" Babu akajibu neno moja tu: "Majini."

Tulikwenda kumi na mmoja, kina shangazi na watoto wao. Kule Dunga tukakodi boti ya petroli, tukavalishwa jaketi za kuokolea, tukazungushwa muda wa saa moja hivi. Tuliona ndege, tukaona magugu maji, tukala mandazi. Ilikuwa raha, siwezi kukataa. Lakini wale wadogo walimzonga babu kwa maswali. Moto mlikuwa mkiwasha wapi? Meli ya chuma haiungui? Babu alijaribu kuwaeleza kwa mikono. Akasema, "Mmeona kifuniko cha sufuria kinavyoruka uji ukichemka? Mvuke ndio unaokisukuma. Sasa funga mvuke ule ndani ya bwela, uupitishe kwenye bomba, usukume chuma kiende mbele na kurudi nyuma, na chuma kile kizungushe kile kinachosukuma meli." Mdogo wangu wa miaka minane akauliza, "Kwa hivyo babu, meli ilikuwa inaenda kwa uji?" Tulicheka sana. Babu pia alicheka, kisha akanyamaza, akawa anatazama upande wa bandarini.

Nikawaza: mtu aliyefanya kazi ujana wake wote hana mahali pa kuwaonyesha wajukuu wake kazi ile. Mkulima ataonyesha shamba. Mwalimu ataonyesha ubao. Babu ana maneno tu, na maneno bila chombo ndiyo hayo yanayogeuka uji.

Wenzetu wamefanyaje? Katika mji wa Louisville kule Marekani, kando ya mto Ohio, kuna meli ya mvuke iitwayo Belle of Louisville. Iliundwa mwaka 1914, na nyuma yake ina gurudumu kubwa la makasia linalozunguka na kuisukuma. Ilipochakaa ilipigwa mnada. Mwaka 1962 serikali ya wilaya ile iliinunua kwa dola 34,000, watu wakakarabati chombo ambacho wengine walikiona kuwa chuma chakavu. Mwaka 2014 meli yenyewe ilifanyiwa bethidei ya miaka mia moja! Babu wa kule humshika mjukuu mkono, wakasimama karibu na injini, wakaona mvuke ukifanya kazi. Hakuna haja ya kueleza kwa sufuria.

La kuuma zaidi ni hili. Kuna mashua ndogo ya mvuke iliyoundwa Uingereza mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, ikaletwa kufanya kazi huku kwetu Afrika Mashariki, kwenye mto Nile na ziwa Albert, mpakani mwa Uganda na Kongo. Inajulikana zaidi kwa jina la African Queen, kutokana na filamu ya mwaka 1951. Je, leo iko wapi? Iko Key Largo, Florida! Ilikarabatiwa, na mwaka 2012 ikarudi majini kubeba wageni. Chombo kilichotoa jasho kwenye mto Nile kinapandwa na familia za Florida, nasi wa huku hatuna hata picha yake ukutani. Ama kweli, mgala muue na haki yake mpe: wao walijua thamani ya kitu, sisi hatukujua.

Sasa nije kwa wanaopinga. Wa kwanza watasema, "Hospitali hazina dawa, wewe unataka meli ya kuchezea?" Hoja hiyo ina uzito, na mimi sisemi dawa zingoje. Lakini tayari tunatunza magari ya moshi kwenye jumba la makumbusho ya reli pale Nairobi, tangu mwaka 1971, na hakuna aliyekufa njaa kwa ajili hiyo. Isitoshe, ile mashua ya Florida haifiki mita kumi. Mimi siombi meli ya kubeba watu elfu. Chombo kama hicho hutoza nauli na kuwapa vijana kazi, na kijana anayeelewa bwela ameanza kuelewa fizikia tunayoikariri bila kuiona.

Wa pili watasema kwamba meli zile zililetwa na wakoloni, basi zife nao. Naelewa uchungu wao. Lakini nauliza, vipande vile vilibebwa na nani? Moto ulichochewa na nani? Jina la meli ya kwanza lilikuwa la tajiri wa Kizungu, ila shingo zilizoibeba zilikuwa za wazee wetu. Tukiacha kila kitu kizame, kitakachobaki ni jina la tajiri vitabuni, na wabebaji watasahaulika kabisa.

Wa tatu wataogopa ajali. Hao nawaunga mkono mia kwa mia. Hatujasahau MV Bukoba mwaka 1996 wala MV Nyerere mwaka 2018, vyombo vilivyojaza watu kupita kiasi katika ziwa hili hili letu. Chombo cha mvuke lazima kikaguliwe, bwela lipimwe, na abiria wahesabiwe hata kama aliyechelewa ni mkubwa wa serikali. Kama hatuwezi kufanya hivyo, basi afadhali kibaki nchi kavu.

Lakini tusingoje serikali tukiwa tumekunja mikono. Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kuanza muhula ujao. Kila mwanachama amtafute mzee mmoja aliyefanya kazi melini, relini au bandarini, amwulize, aandike. Tuyakusanye maneno yao: bwela, tanuri, serehangi, gati, omo, tezi. Nimewauliza wanafunzi watano wa kidato changu maana ya serehangi. Mmoja alidhani ni aina ya samaki. Serehangi ni msimamizi wa mabaharia, jamani! Wazee hawa hawangoji. Kila likizo tunasikia mmoja ameondoka, na anaondoka na kamusi nzima kichwani.

Na wewe msomaji, siku ya kuzaliwa ya babu au nyanya yako ikikaribia, kabla hujakimbilia keki, mwulize angependa kupelekwa wapi. Huenda akakutajia mahali ambapo hukujua palikuwa na maisha yake.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwenye maoni tofauti na yangu, kalamu ni hiyo, na toleo lijalo liko wazi. Ila jioni stima ikipotea, kumbukeni kwamba kuna stima nyingine iliyopotea zamani, na hiyo hairudi yenyewe.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu