Nani kameza gigabaiti zako?

Mtu akishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, swali la kwanza huwa karibu lile lile: "Kaka, mbona wameniuzia diski ya GB 500 na humu ndani naona 465? Zile 35 zimeenda wapi?" Wengine huwa wameshakasirika, wako tayari kurudi Luthuli Avenue kumkaba muuzaji. Kabla hujapanda matatu ndugu msomaji, hebu soma haya.

Hujaibiwa. Baiti zako zote zipo. Chukua kikokotoo tufanye hesabu pamoja. Kiwanda kikisema GB 1, kinamaanisha baiti bilioni moja kamili, kwa hiyo GB 500 ni baiti 500,000,000,000. Windows nayo ikisema GB 1 inamaanisha 1024 mara 1024 mara 1024, yaani baiti 1,073,741,824. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili, unapata 465.66. Hapo ndipo zilipo zile 35 zako.

Ni kama mahindi sokoni. Gunia ni moja, lakini ukilipima kwa gorogoro ndogo utahesabu nyingi, na kwa gorogoro kubwa utahesabu chache. Punje hazijapungua. Ila sokoni gorogoro zote mbili unaziona kwa macho yako, na hapa zote mbili zimeandikwa GB!

Hiyo 1024 ilitoka wapi? Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 peke yake. Kumbukumbu ya RAM hutengenezwa kwa namna ambayo ukiongeza waya mmoja wa anwani, nafasi zinazofikika zinakuwa mara mbili: 2, 4, 8, 16, hadi ukifika mara kumi unapata 1024. Wahandisi wa zamani waliona inakaribia 1000, wakaiita kilo, mambo yakaenda. Diski haina sababu hiyo, na watengenezaji wake walihesabu kwa elfu na milioni kama watu wengine wote. (Kituko kikubwa ni zile diski laini za MB 1.44. Zilikuwa na baiti 1,474,560, na ile 1.44 inapatikana tu ukizidisha 1000 kwa 1024. Vipimo viwili ndani ya namba moja!)

Zamani hakuna aliyelalamika kwa sababu kwenye kilobaiti tofauti ni asilimia 2.4 tu. Kwenye gigabaiti ni 7.4, na kwenye terabaiti inakaribia 10. Ndiyo maana diski ya TB 1 inaonyesha 931, na ya TB 2 inaonyesha 1.81. Kadiri diski zinavyokua, ndivyo kelele zinavyoongezeka.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaonipinga. Mwenye kosa hapa si kiwanda wala muuzaji. Ni Windows. Tangu mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa jina tofauti kwa kipimo cha 1024: gibibaiti, kifupi chake GiB. Apple walibadilisha hesabu ya Mac mwaka 2009, wakahamia kwenye 1000, na kule diski ya 500 inaonyesha 500. Ubuntu nao wakaweka sera kama hiyo mwaka 2010. Windows inapima kwa gibibaiti na kuandika GB. Herufi moja tu, "i", ingemaliza ugomvi huu.

Wapo wanaosema RAM nayo huuzwa kwa 1024, kwa hiyo viwanda vya diski ndivyo vijanja. Hoja hiyo ina uzito, kwani laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya GB 500 kweli inatumia neno moja kwa vitu viwili kwenye kibandiko kimoja. Kule Marekani watu walienda hata mahakamani: Western Digital walikubali suluhu mwaka 2006, Seagate mwaka 2007. Lakini kesi ya namna hiyo dhidi ya SanDisk ilitupwa na mahakama ya California mwaka 2020, na mimi naona ilistahili. Giga ni bilioni.

Kwa nini nahangaika na jambo dogo hivi? Kwa sababu watu wamezoea kuambiwa "nafasi hupungua kidogo, ni kawaida", na chini ya kivuli cha "kawaida" hiyo wezi wa kweli wanapita. Mtu anauziwa diski ya GB 256, anaona 119, anaambiwa Windows imekula nyingine. Uongo! Hiyo ni diski ya 128. Uwezo wote wa diski na nafasi iliyobaki ni namba mbili tofauti. Mafaili ya Windows hupunguza ile iliyobaki. Uwezo wote zidisha mwenyewe: GB za kwenye kibandiko mara 0.93, na TB mara 0.91. Sehemu za siri za kuwashia na kurekebisha mashine zitapunguza kidogo tena, lakini haziwezi kumeza nusu.

Wabaya zaidi ni wale wa flashi za TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani mna chipu ya GB 32 au 64 iliyofundishwa kudanganya, na Windows itaiamini na kukuonyesha 1.81 safi kabisa. Unanakili picha, majina ya mafaili yanaonekana, siku ya kuyafungua hakuna kitu. Hapa kikokotoo hakisaidii. Dawa ni kuijaza flashi hadi pomoni kisha kuisoma yote upya. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux F3, zote ni za bure. Diski kubwa inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo iache usiku kucha. Chukua risiti dukani, fanya jaribio siku hiyo hiyo, na picha za harusi zisubiri mpaka liishe.