Kinyama hakiamshi saratani: Tusikimbie vipimo vinavyosema kweli

NDUGU msomaji, leo tuzungumze juu ya kitu kinachomaliza watu majumbani mwetu. Sikusudii saratani yenyewe, wala maradhi ya moyo yenyewe. Nakusudia ule muda unaopita tangu mtu aambiwe na tabibu "nenda ukapime" mpaka siku anapopima kweli.

Muda huo nimeuona ukiwa wiki, ukiwa miezi, na mara nyingine mwaka mzima. Wala si kwamba ndani ya muda huo mgonjwa hukaa bure. La hasha. Hupima sana, tena kwa gharama. Tatizo ni kuwa anapima kisichojibu swali lake na anakimbia kinachojibu. Maoni yangu ni kwamba kosa hili haliko hospitali peke yake. Liko sebuleni kwetu, katika mashauri ya wifi, shemeji na jirani, na limo pia kwetu sisi tunaovaa koti jeupe.

Uvimbe wa ukubwa wa karanga

Mama mmoja wa makamo alinijia na uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulikuwa na ukubwa wa punje ya karanga, mgumu, na haukuwa na maumivu. Nikampa barua ya rufaa akafanyiwe ultrasaundi, na ikibidi achukuliwe kinyama. Alirudi baada ya miezi minane. Uvimbe ulishakuwa kama limau, ngozi ya titi imevutwa ndani, na kwapani mna matezi.

Nilipomuuliza alikuwa wapi, alitoa mkobani karatasi nyingi zilizochapwa kwa rangi. Alikuwa amekwenda kwenye "kipimo cha mwili mzima". Huko alishikishwa chuma mkononi kwa dakika chache, kompyuta ikatoa majibu ya ini, figo, mifupa na damu. Akaambiwa ana upungufu wa madini na sumu mwilini, akauziwa makopo ya dawa. Alikwenda mara mbili. Barua yangu ya rufaa ilikuwa bado imo katika mkoba ule ule, imekunjwa vizuri. "Daktari," aliniambia, "wifi zangu walinambia nikiguswa na kisu tu, itaamka."

Ndugu msomaji, hakuna chuma cha kushika mkononi kinachoweza kuona saratani ya titi au ya kizazi, wala mshipa wa moyo ulioziba. Na hakuna kipimo kimoja kinachoona kila kitu, hata kile cha mashine kubwa ya hospitali ya rufaa. Kila kipimo kimeundwa kujibu swali fulani. Mtu akikuambia chake kinajibu maswali yote, tazama nyuma yake, utakuta makopo ya kuuza.

Kisu hakiamshi kitu

Hofu ya kinyama ina sababu yake, nami simcheki mwenye nayo. Watu wetu wengi hufika hospitali maradhi yameshatambaa. Mtu huchukuliwa kinyama mwezi wa Rajabu, na kabla Ramadhani haijaisha tumeshamzika. Jirani akihesabu siku anaona kisu ndicho kilichoua. Haihesabu ile miaka miwili ya kujificha iliyotangulia kisu.

Ukweli ni huu. Mara nyingi hakuna hata kisu. Ni sindano, baada ya ganzi, inayotoa vipande vyembamba vya nyama. Vipande hivyo hutiwa katika dawa iitwayo fomalini visioze, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vyembamba kuliko karatasi na kutiwa rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Yeye ndiye anayesema kama hii ni saratani au siyo, ni ya aina gani na ina ukali gani. Kwa saratani ya titi, kinyama hicho hicho hupimwa pia kujua kama inachochewa na homoni, na hapo ndipo huamuliwa dawa ipi itafaa. Ultrasaundi na mamogramu huonyesha kwamba chumbani mna mtu. Kinyama ndicho kinachomtaja jina.

Je, sindano haiwezi kusambaza saratani? Kwa aina nyingi jambo hilo ni nadra mno. Zile chache zinazohitaji tahadhari, kama uvimbe wa korodani, madaktari wanazijua na wana njia nyingine. Kinachosambaza saratani ni muda. Tena uvimbe mwingi wa titi ukipimwa hukutwa si saratani. Ni wangapi wamelala na hofu kwa miaka, kwa uvimbe ambao sindano moja ingewarudishia usingizi?

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Abul Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif, akiwafuata waliomtangulia, kwamba saratani ikiwa changa na ndogo, mahali inapoweza kuondolewa yote, ikatwe. Ama ikishakuwa kubwa na ya siku nyingi, alikiri kwamba yeye mwenyewe hajapata kuiponya wala hajamuona aliyeweza. Imepita miaka 1,000. Leo tuna dawa na mionzi ambayo yeye hakuwa nayo, lakini somo lake la kuwahi bado limesimama.

Na sisi wanaume tusiwacheke wanawake. Tunakwenda kupima damu kwa ajili ya tezi dume, kile kipimo cha PSA. Majibu yakiwa juu tunaaga ndugu, yakiwa chini tunashangilia. Kipimo hicho hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia tezi inapokua kwa ajili ya umri, na kwa maambukizi. Kikiwa juu, kazi yake ni kukusogeza mbele: kwenye kidole cha daktari, kwenye picha, na ikibidi kwenye kinyama. Si hukumu. Anayeishia kwenye damu akaanza kunywa mizizi, hajapima.

"Ni gesi tu"

Sasa nije kwenye makosa yetu sisi matabibu, na nianze na langu. Mzee mmoja mwenye kisukari na presha alikuja zahanati baada ya Alasiri. Alikuwa amejishika chini ya kifua, anatoka jasho. Akasema ni gesi, mchana alikula maharage. Nami nikakubali kuwa ni gesi, nikampa vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, akaenda zake. Hatukuwa na mashine ya kupima umeme wa moyo pale. Hospitali yenye mashine ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa gari. Sikumpeleka.

Alfajiri mwanawe alinipigia simu kunipa habari ya msiba. Nilisimama safuni kumswalia. Siwezi kuapa kwamba ulikuwa moyo, kwa sababu hakupimwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kipimo nilichokuwa namdai mzee yule huitwa ECG. Vibandiko 10 huwekwa kifuani, mikononi na miguuni. Havitii umeme mwilini kama wengine wanavyohofia; vinausoma umeme ambao moyo wenyewe unautoa. Ni kazi ya dakika chache. Huweza kuonyesha kwamba moyo unakosa damu saa hiyo hiyo, au kwamba mapigo yamekwenda kombo. Lakini nacho kina mpaka wake. Kikisomeka vizuri mara moja haina maana mtu amesalimika, na ndiyo maana hurudiwa. Hupimwa pia damu kutafuta troponini, kitu kinachovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Hiyo nayo huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo usikasirike ukiambiwa utolewe damu mara ya pili.

Viko vipimo vingine, kila kimoja na swali lake. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, huonyesha moyo unasukuma damu kwa nguvu gani na kama milango yake inafunga sawasawa. Kipo kile cha kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkononi au wa kinena, ikapulizwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, ili ijulikane mshipa upi wa moyo umeziba. Hicho hufanyika katika hospitali chache, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Si kila mtu anakihitaji.

Lakini anayehitajiwa na kila mtu mzima ni ule mpira wa presha tunaoudharau. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa kabla yake usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ikiendelea hivyo, hiyo ni presha, hata kama huumwi kichwa.

Stara na swaumu

Najua lililo moyoni mwa wengi: aibu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na kipimo chake kimoja ni chepesi kupita kiasi. Mhudumu hupaka siki iliyopunguzwa makali, husubiri dakika moja, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Kasoro hiyo huweza kutibiwa kabla haijawa saratani. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza zaidi kipimo cha kutafuta kirusi kinachosababisha saratani hiyo, na pale kinapopatikana mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani. Mwanamke aliyefika miaka 30 asingoje dalili.

Dini yetu haikuifanya stara kuwa sababu ya kufa. Wanazuoni wameruhusu kufunuliwa kwa haja ya matibabu, kwa kiasi cha haja tu. Dada yangu, una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke, na una haki ya kuwa na mtu wako pembeni. Na wewe bwana, usingoje mkeo aombe nauli na ruhusa. Mpeleke mwenyewe.

Wapo pia wanaoahirisha kila kitu mpaka Ramadhani iishe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1997 likaangalia mambo haya haya. Likaona kwamba kutolewa damu ya kupima, kuchukuliwa kinyama pasipo kuongezewa maji, kupimwa kizazi kwa vifaa, hata kuingizwa ule mrija wa mishipa ya moyo, havibatilishi swaumu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini amuulize leo, asisubiri Idd. Na maumivu ya kifua yenye jasho hayangoji hata magharibi.

Ninachoomba kwako

Kwanza, tabibu akikuandikia kipimo, muulize: "Hiki kinajibu swali gani, na nikishapata jibu tutafanya nini?" Nasi matabibu tujibu bila kununa. Nasi pia tujiulize swali hilo kabla hatujasema "ni gesi".

Pili, fuata majibu. Majibu ya kinyama huweza kuchukua wiki kadhaa. Katika hospitali zetu majibu mengi hukaa kabatini kwa sababu mwenyewe hakurudi. Kipimo kisichochukuliwa majibu ni sawa na kutopima.

Tatu, najua fedha ni tatizo, na sitaki nijifanye sijui. Lakini tazama misikiti yetu. Muislamu akifariki, kabla ya Adhuhuri sanda imepatikana, gari limepatikana na wali wa matanga umechangwa. Hilo ni jema na Allah atulipe kwalo. Mbona huyo huyo alipokuwa hai, ametingwa na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa na fedha ya kinyama, hatukupitisha kapu? Maimamu na kamati za misikiti, liwekeni jambo hili mezani. Mchango wa kipimo ni mdogo kuliko mchango wa maziko, na mwenyewe yupo kuupokea.

Yule mama wa karanga alikubali sindano siku ile ile aliporudi. Majibu yalipokuja aliniuliza swali moja tu: je, angekuja mapema? Sikuwa na jawabu la kumwambia usoni, nikamwambia tuanze matibabu. Wewe unayesoma, ambaye barua yako ya rufaa imo mkobani au juu ya kabati, jawabu lake liko mikononi mwako.

Tulisoma chuoni tukiwa wadogo kisa cha yule bedui na ngamia wake. Kutegemea kwa Allah huja baada ya kamba. Kipimo ni kamba. Funga, kisha utawakali.